Mwana wa Saa Kumi

Inspekta alikuwa amekisoma kile kitabu mara tano, na mara zote tano alikuwa akijitafuta. Alijikuta ukurasa wa mia moja na kumi na nne, kwenye mstari mmoja na nusu: "askari mmoja mnene aliyesimama mlangoni akitafuna karanga." Basi, kwisha. Miezi minane ya upelelezi, mashahidi thelathini na wawili, goti lililoteguka akimfukuza muuaji wa mfamasia juu ya mabati ya watu, yote yakawa karanga. Mwandishi alipata tuzo, akapata nyumba yenye bustani, akatengenezewa filamu mbili za kuonyesha jinsi alivyokiandika hicho kitabu cha mauaji ya kweli. Inspekta alipata jina la utani. Hata mahabusu walimwita Karanga, mradi awe ameshawapa kisogo.

Alikuwa na wivu, tena si haba, na tusimsingizie utakatifu asiokuwa nao. Akiona uso wa Mwandishi gazetini aliligeuza gazeti kifudifudi. Aliposikia kwamba katika filamu ya pili nafasi yake imepewa mchekeshaji wa televisheni, alikwenda kujifungia chooni akakaa robo saa.

Asubuhi ile ya Ijumaa alikuwa na jalada jembamba mbele yake, na Konstebo upande wa pili wa meza. Konstebo alikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa maneno.

"Mkuu, ungempa mwingine hili jalada," alisema. "Wewe na Mwandishi ni paka na panya."

"Panya ni nani?"

"Mimi sijasema kitu."

"Soma tulichonacho."

Konstebo akasoma. Kampuni ya filamu ilikuwa imekodi ghala na kujenga ndani yake chumba cha kazi cha Mwandishi, kila kitu vilevile kama nyumbani kwake. Aliyeigiza kama Mwandishi ni kijana mmoja ambaye nchi nzima ilimwita Nyota. Kampuni ilimnunulia Nyota simu janja mpya, ikaingiza humo sauti zote za Mwandishi, maana Mwandishi huyu haandiki kwa mkono; kwa miaka saba alizungumza kwenye kinasa sauti na Mchapaji wake akachapa. Nyota alitembea na simu ile sikioni ili aipate sauti barabara. Jana Alhamisi, saa saba kamili, walipotangaziwa chakula, simu iliachwa juu ya meza ya kuigizia. Saa nane watu waliporudi, haipo.

"Shahidi ni Mwandishi mwenyewe, aliyekwenda kutazama kazi," Konstebo aliendelea. "Anasema watu walipotoka tu kwenda kula alichungulia mlangoni, akamwona Mchapaji anaitia simu mkobani. Anasema hakutaka makuu, akaondoka zake. Saa saba na dakika tano alikuwa tayari barabarani. Mkoba ulipopekuliwa, simu hakuna. Kuna boksi lake na chaja."

"Na Mchapaji?"

"Anakana. Saa kumi jana alikuwa hapo hapo kwenye kiti hicho, wewe ukimwandika maelezo. Saa kumi na moja akaingia mahabusu. Leo saa kumi na moja, ama tumfungulie mashtaka ama tumwachie. Na leo ni Ijumaa, mkuu. Akishtakiwa, mpaka Jumatatu yuko rumande. Mtoto wake wa miaka minne yuko kwa jirani, amelia usiku kucha."

Inspekta alifunga jalada. "Sikiliza. Mimi nataka sana mwizi awe Mwandishi. Nataka mpaka mate yananitoka. Kwa hiyo kila nitakachokipata kinachomgusa yeye, utakipima wewe upya kabla sijakiandika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkuu." Safari hii Konstebo hakutania.

Mchapaji aliletwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, na vidole havitulii, vikigongagonga pindo la kanga kama vinachapa.

"Boksi na chaja vilifanya nini kwenye mkoba wako?" Inspekta aliuliza.

"Simu iliandikishwa kwa jina langu. Mimi ndiye ninayeichaji kila mchana, mimi ndiye ninayeongeza sauti. Ulizeni ofisini kwao."

"Uliingia chumba kile wakati wa chakula?"

"Niliingia, lakini saa saba na nusu. Nilikuta meza tupu. Nikadhani Nyota kaichukua."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa chumba cha vipodozi. Nyota anabandikwa ndevu, hawezi kushika karatasi, mimi namsomea maneno."

"Mwandishi anasema amekuona kwa macho yake. Kwa nini akusingizie?"

Vidole vilisimama. "Sijui."

"Unajua."

"Sijui, baba."

Hapo alidanganya, na alidanganya vibaya, kama watu wasio na mazoezi. Inspekta aliliandika hilo. Mchapaji akainua uso, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye yule wa mabati," alisema. "Uliyetegua goti. Ulikuwa na kurasa kumi na moja kitabuni, nilizichapa mwenyewe. Nzuri sana. Akaziondoa, akasema kitabu hakibebi mashujaa wawili."

Kurasa kumi na moja! Konstebo alimtazama Inspekta kwa jicho la pembeni, naye akafanya kitu kimoja tu cha busara siku ile: aliweka kalamu chini, akasema mahojiano yamekwisha kwa sasa, akatoka nje kwenda kunywa maji.

*

Mlango wa Mwandishi ulifunguliwa na mkewe, ambaye aliwapeleka kwenye chumba cha kazi na kuwaambia bwana anavaa. Kilikuwa chumba cha mtu anayejipenda. Tuzo zilipangwa kwenye kabati la kioo. Kitabu kilekile kilikuwa rafuni katika majalada kumi na manne. Tangazo la filamu ya kwanza, ile iliyooza sokoni, lilikuwa kwenye fremu ya dhahabu. La filamu ya pili halikuwepo.

Mwandishi aliingia akiwa anaongea tayari.

"Hiki ni kitu kidogo, ndugu zangu, mngemaliza jana. Yule binti nimemlea mwenyewe, inaniuma." Huku akisema alipita moja kwa moja hadi ukutani. Mkono wake ulikwenda nyuma ya picha ya marehemu baba yake, ukatoka na ufunguo mdogo; akafungua kioo cha saa kuukuu ya mbao, akazungusha mara mbili, akausukuma ulimi wa shaba unaoning'inia ndani, akafunga, akaurudisha ufunguo. Hakuitazama saa hata kidogo. "Lakini sheria ni sheria," alimalizia, akaketi.

"Saa ya urithi?" Konstebo aliuliza.

"Saa gani? Ah, hiyo. Ya baba. Hakuna anayeigusa ila mimi."

Inspekta alifungua daftari. "Ulikwenda ghalani kufanya nini jana?"

"Kutazama maisha yangu yakiharibiwa." Mwandishi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mmemwona huyo Nyota? Mimi nilikuwa na mabega hayo lini? Filamu ya kwanza walimchukua mzee mmoja mwenye kitambi, amelala kutwa nzima, nikasema sawa, hiyo ni kazi ya sanaa. Huyu wa sasa! Watu wananisimamisha njiani kuniambia nafanana naye. Mimi nifanane naye! Wiki iliyopita shule moja imemwalika aende kuwaeleza wanafunzi kuhusu kitabu changu. Amekwenda. Wamempigia makofi. Mke wangu mwenyewe amesema, 'Lakini huyu anasikiliza mtu akiongea.'"

"Una kijicho naye," Inspekta alisema.

"Mimi? Na mwigizaji?"

Inspekta aliujua wivu kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake. Alimtazama Mwandishi akipangusa vumbi lisilokuwepo mezani, akaona kama anajitazama kwenye kioo. Hakufurahi.

"Ulipotoka ghalani, mlinzi alikuandika kwenye kitabu cha getini?"

"Mimi? Niandikwe? Hadithi ni yangu, bwana! Nilimpungia mkono nikapita. Saa saba na dakika tano nilikuwa barabarani. Nimeshasema."

"Umesema," Inspekta alikubali.

*

Ghalani walikuta watu wamepumzika, wamekaa juu ya masanduku wakingoja taa. Nyota aliinuka mara alipowaona. Aliposema "Shikamoo, mzee," Konstebo aligeuka nyuma kumtafuta Mwandishi, maana ile sauti ilikuwa yake kabisa, ila imeoshwa.

"Mmekula?" Nyota aliuliza. "Goti lako vipi, mzee? Naona unalionea huruma."

"Hatujaja kula. Jana wakati wa chakula ulikuwa wapi?"

"Chumba cha vipodozi, kwenye kiti, kuanzia saa saba kamili. Ndevu hizi zinakaushwa nusu saa nzima, ukicheka tu zinabanduka. Mpambaji alikuwa nami, na yule dada Mchapaji alikuja akanisomea."

"Alikuja saa ngapi?"

"Dakika chache baada ya kukaa. Akasoma mpaka ndevu zikakauka, saa saba na nusu."

"Dakika chache zingemtosha kupita kwanza mezani," Inspekta alisema.

Nyota hakupinga. "Zingemtosha. Lakini simu ile ni kazi yake, mzee. Aiibe ya nini, wakati kila mchana ilikuwa mikononi mwake?"

"Na wewe? Magazeti leo yamekuandika ukurasa wa kwanza: simu ya Nyota yapotea. Tangazo la bure."

"Ningetaka kutangazwa ningeanguka jukwaani," kijana alisema bila kukasirika. "Inauma kidogo na watu wanakuonea huruma." Mpambaji, aliyekuwa karibu na gundi yake, aliapa kwamba Nyota hakubanduka kitini mpaka saa nane kasoro robo. Konstebo alimpima maneno mara mbili, kama alivyoagizwa, akatikisa kichwa: huyu hayumo.

Waliingia kwenye chumba cha kuigizia. Inspekta alisimama kizingitini, ikamchukua muda kuamini. Kilikuwa chumba kilekile walichotoka. Tuzo zilezile kwenye kabati lilelile, majalada kumi na manne, picha ya marehemu baba, saa ya mbao. Ni dari tu ambayo haikuwepo. Juu kulikuwa na taa na nyaya.

"Msiguse kitu!" mtu alipiga kelele. Alikuwa fundi wa sauti, mwanamume mwembamba mwenye vipokea sauti shingoni, ambaye kila mtu alimwita Masikio. "Humu hakuna anayegusa kitu. Jana mtu kagusa, nusura niende kichaa."

"Kagusa nini?"

"Hiyo saa. Saa yetu imelala, mzee. Katika hadithi ni saa tatu kamili ya asubuhi siku zote, kwa hiyo mishale tumeiweka saa tatu na hatuijazi ufunguo. Jana tunarudi kutoka kula, tunaanza tukio, nasikia tik, tik, tik. Nimevua vipokea sauti, nimevipiga, nimebadilisha nyaya, bado tik, tik. Kumbe saa inatembea! Nimeusimamisha ule ulimi kwa mkono wangu."

Inspekta alisogea karibu na ukuta. Mishale ilikuwa imesimama kwenye saa nne kasoro dakika kumi.

"Umeirudisha nyuma tangu jana?"

"Sijairudisha. Leo tunapiga tukio la dirishani, ukuta huu hauonekani."

"Uliisimamisha saa ngapi?"

"Saa nane na dakika tano. Mimi huandika kila tatizo, la sivyo wanasema nimelala." Akatoa karatasi yake, na kweli iliandikwa hivyo.

"Na ufunguo uko wapi?"

"Nyuma ya picha ya baba. Tuliambiwa tunakili chumba, tukanakili na ufunguo. Saa ni nzima, tumeinunua inayofanana na ile."

Konstebo alikuwa ameshamwita yule mama ambaye kazi yake ni kupiga picha kila kitu kabla ya mapumziko, ili watu wakirudi kikombe kisiwe kimehama. Picha yake ya jana saa saba kamili ilionyesha simu janja juu ya meza, nyeusi, imelala chali, na nyuma yake saa ya ukutani ikisema saa tatu kamili.

Inspekta alimwonyesha Konstebo saa, akamwonyesha karatasi ya Masikio, akarudi nyuma hatua mbili na kumwachia uwanja.

"Ilianza saa tatu kamili, ikasimamishwa saa nne kasoro kumi," Konstebo alisema polepole. "Imetembea dakika hamsini. Toa hamsini kwenye saa nane na dakika tano..." Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Saa saba na robo. Mtu aliitia ufunguo saa saba na robo."

"Mchapaji?"

"Saa saba na robo anasoma maneno. Nyota yuko kitini, ana gundi usoni. Mpambaji anawaona wote wawili."

"Mtu wa filamu?"

"Mtu wa filamu hawezi kuijaza, mkuu, ataliwa mzima na Masikio. Na angeijaza angerekebisha na mishale. Huyu hakuitazama hata mishale. Ameingia, ameijaza, ameendelea na mambo yake, kama..." Konstebo aliitazama tena picha ya marehemu baba. "Kama tulivyoona leo asubuhi."

"Mimi sijasema kitu," Inspekta alisema.

*

Saa tisa alasiri kampuni ya simu ilituma orodha ya mawasiliano waliyoiomba tangu asubuhi. Namba ya simu janja mpya ilikuwa na wiki sita tu duniani, lakini tangu wiki ya pili ilipigiwa kila siku, saa kumi kamili jioni, na namba moja ileile. Tena jana, zikiwa zimepita karibu saa tatu tangu kuibwa, simu iliwashwa dakika mbili kabla ya saa kumi. Ikapigiwa, ikapokelewa, sekunde arobaini. Kisha ikazimwa.

"Saa kumi jana Mchapaji alikuwa mbele ya meza yako," Konstebo alisema.

"Mlete. Na umwambie sasa hivi si wakati wa kuficha."

Mchapaji aliitazama ile namba kwenye karatasi, akaanza kulia bila sauti.

"Ni ya mama yake Mwandishi," alisema. "Mimi ndiye niliyempa Nyota. Alitaka kusikia mtu aliyemlea Mwandishi anavyoongea. Akampigia kwa ile sauti, kujaribu tu, nadhani alitaka kujitambulisha baadaye. Mama akasema, 'Mwanangu!' Akashindwa kumkatisha. Kesho yake mama akampigia mwenyewe. Basi ikawa kila siku."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilimhurumia mama. Wamekuwa wakiongea mpaka mambo ya mbogamboga za nyuma ya nyumba. Mwandishi akijua, atayakatisha hayo mazungumzo. Na alijua, baba. Jumatatu aliniuliza nani ametoa namba ya mama yake. Nikasema sijui. Hajanisemesha tangu siku hiyo."

Inspekta alitazama saa yake. Saa tisa na dakika ishirini na tano. "Hakimu yupo?"

"Yupo mpaka saa kumi," Konstebo alisema, akiwa ameshachukua kofia. "Hati ya upekuzi nimeshaiandika. Imebaki sahihi."

*

Saa kumi kasoro dakika sita walikuwa chumbani kwa Mwandishi. Aliisoma hati ya upekuzi akiwa amesimama.

"Hii ni chuki," alisema. "Mjini kila mtu anajua unanichukia, Karanga."

"Nakuonea wivu," Inspekta alisema. "Ni kweli, na nimeandika hivyo kwenye jalada ili wakili wako asihangaike kutafuta. Kaa." Akapanga vitu mezani: picha ya saa saba kamili, karatasi ya Masikio, picha ya saa iliyosimama. Akaeleza dakika hamsini zile, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. "Saa saba na dakika tano ulikuwa barabarani, umesema. Saa saba na robo mtu ameingia kwenye chumba kile kama yuko kwake. Mkono umekwenda nyuma ya picha ya baba bila kumuuliza mwenyewe."

"Mtu yeyote anaweza kutia saa ufunguo."

"Anaweza. Mchapaji wako ameniambia aliigusa mara moja, mwaka wa pili, ukamnunia wiki nzima. Asubuhi uliijaza mbele yetu. Nilipomwuliza Konstebo jioni hii kama aliona ukiitazama, akasema hapana."

"Saa tu!" Mwandishi alicheka kwa nguvu. "Utakwenda mahakamani na saa ya mchezo wa kuigiza?"

"Siendi na saa peke yake," Inspekta alisema. "Naomba tusubiri dakika mbili."

Mwandishi alielewa. Uso ulimshuka wote, mashavu mpaka kidevu, na macho yakakimbia, bila yeye kutaka, hadi kwenye droo ya chini ya meza. Konstebo alikuwa ameshasimama pale.

Saa ya ukutani ikapiga saa kumi. Kabla haijamaliza, droo ikaanza kuita; leo Mwandishi alikuwa ameiwasha simu mapema, kabla hawajabisha hodi.

Konstebo alivaa glavu, akaivuta droo. Simu janja ilikuwa juu ya karatasi, nyeusi, mpya, kioo kinang'aa, na jina lililoandikwa na Nyota likiwaka: *Mama wa Saa Kumi.* Mwandishi aliliona, akafumba macho.

"Iliwashwa kwa ajili ya nini?" Inspekta aliuliza. "Umeiiba, ungeizima ukaitupa mtoni. Kwa nini uiwashe saa kumi?"

"Nilitaka kusikia," Mwandishi alisema. Sauti yake ilikuwa imeisha, haikufanana tena na ya mtu yeyote. "Jumapili nilimpigia. Nilikuwa sijampigia miezi mitano, nina kazi, nina mikutano. Akaniambia, 'Mbona leo umepooza? Jana ulikuwa mchangamfu.' Jana! Nilitaka kusikia anavyoongea na huyo mwingine. Maisha yangu yote hajawahi kunieleza mambo ya mbogamboga."

"Ukampeleka binti wa watu mahabusu."

"Alimpa mama yangu!" Mwandishi alipiga kelele. "Ametoa mama yangu kama kalamu!"

Simu iliendelea kuita. Inspekta alimwashiria Konstebo, naye akabonyeza kupokea na kufungua spika, kila mtu asikie.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, kavu na yenye furaha. Kimya. "Haloo? Jana ulinyamaza hivihivi. Ni wewe, siyo?"

Mwandishi aliisogelea simu. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilijua ni wewe. Yule kijana hunipa shikamoo kabla sijamaliza kusema haloo."

Konstebo alimtazama Inspekta. Mwandishi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama. Ulijua siyo mimi?"

"Nimekuzaa mimi. Nilijua siku ya kwanza. Aliniuliza nimelalaje." Mzee alicheka kidogo. "Sauti kaipata, sikatai. Kajitahidi."

"Ulijua. Na ukaendelea kumpigia? Kila siku? Mtu usiyemjua?"

"Sasa ningempigia nani?" mama aliuliza, bila ubaya wowote. "Yeye alikuwa anapokea."

Inspekta alitazama pembeni, kwenye kabati la tuzo, maana kuna mambo ambayo hata mwenye wivu hapendi kuyaona.

"Hiyo simu ni yake?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Uliichukua?"

"Niliichukua."

"Basi mrudishie mwenyewe. Mwambie kesho saa kumi nitampigia, mchicha umeshaota."

Akakata. Konstebo aliitia simu kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa na tarehe, kisha akapiga kituoni kuamuru mahabusu ifunguliwe na gari limpeleke Mchapaji moja kwa moja kwa mwanawe. Ilikuwa saa kumi na dakika saba. Mwandishi aliinuka, akaenda ukutani, mkono ukanyooka kuelekea nyuma ya picha ya baba yake. Na kwa kuwa ulikuwa umenyooka vizuri, Inspekta aliufunga pingu hapohapo.